Kabla Hujalipa: Mazungumzo na Wazazi na Walezi wa Watoto Wenye Usonji



Huenda wapo wanaojiuliza: mkutano wa kuwaelimisha watumiaji wa bidhaa na huduma una uhusiano gani na saikolojia ya mtoto? Tumezoea kusikia katika mikutano hii habari za mizani iliyochezewa, unga uliopitwa na muda wake, na simu bandia. Jibu langu ni fupi. Mzazi aliyeambiwa kwamba mwanawe ana usonji huwa mnunuzi tangu siku hiyo hiyo. Hununua vipimo, dawa, virutubisho, ushauri, nauli na ada. Tena hununua akiwa na hofu. Na mnunuzi mwenye hofu haulizi maswali, wala hakumbuki kudai risiti.

Niruhusuni nianze na kisa kimoja. Miaka kadhaa iliyopita alinijia mama mmoja, mshonaji wa nguo, akiwa na mwanawe wa miaka minne. Mtoto alikuwa hajaanza kusema. Kazi yake kubwa ilikuwa kupanga vizibo vya soda katika mstari mrefu sakafuni, na mtu akikisogeza kimoja tu, alilia mpaka sauti ikamkauka. Alipoitwa jina lake hakugeuka. Lakini gari la taka liliponguruma mtaa wa pili, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuziba masikio. Mama alitoa mkobani chupa tatu ndogo zisizo na jina la mtengenezaji. Aliyemuuzia alimwahidi kwamba mtoto angefunguka ulimi katika siku 90. Chupa ya kwanza aliinunua kwa akiba yake. Ya pili aliinunua kwa mkopo wa kikundi. Ili kuipata ya tatu, aliuza cherehani.

Nilimwuliza chupa zile zilikuwa na nini ndani yake. Hakujua. Nikamwuliza muuzaji alikuwa nani. Alichokuwa nacho ni namba ya simu, nayo ilikuwa haipatikani tena.

Sikumlaumu mama yule, nami nawaomba msimlaumu. Mfa maji haachi kutapatapa. Nimekuja leo kuzungumza juu ya wale wanaosimama ukingoni wakimuuzia mfa maji nyasi za kushika, na juu ya mambo ambayo kweli humsaidia mtoto, ambayo mengi yake hayauzwi dukani.

Tuanze kwa kuielewa hali yenyewe. Usonji si ugonjwa wa kuambukiza, wala si laana. Ni namna ubongo wa mtoto unavyokua tofauti na ulivyozoeleka, tangu mwanzo kabisa wa maisha yake. Tofauti hiyo huonekana katika mambo mawili makubwa. La kwanza ni mawasiliano na mahusiano: mtoto anaweza kuchelewa kusema, asikutazame usoni, asioneshe kitu kwa kidole ili nawe ukifurahie pamoja naye. La pili ni kurudiarudia matendo, kushikilia utaratibu usiobadilika, na kuzihisi sauti, mwanga, ladha au mguso kwa ukali kuliko wengine, au pengine kwa uhafifu. Watoto hawa hawafanani. Yupo atakayefika chuo kikuu, na yupo atakayehitaji kushikwa mkono maisha yake yote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 ulimwenguni alikuwa na usonji. Kwa hiyo hakuna kata isiyo nao.

Jambo moja mlishike kwa sababu linahusu mifuko yenu. Hakuna kipimo cha damu, cha nywele wala picha ya ubongo kinachoweza peke yake kusema kwamba mtoto ana usonji au hana. Mtaalamu huutambua kwa kumtazama mtoto, kucheza naye, na kumwuliza mzazi historia ya ukuaji wake kwa makini. Vipimo vingine vina kazi zake. Kipimo cha kusikia, kwa mfano, ni cha lazima kwa mtoto asiyeitika anapoitwa, kwa kuwa huenda tatizo liko masikioni. Lakini atakayekuambia, "Nipe unywele wake nikupe jibu la usonji," anauza kitu ambacho hakipo.

Sasa tuje kwenye lawama, kwa maana lawama ndiyo inayomfikisha mzazi mikononi mwa tapeli. Tunayo methali isemayo: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ni methali yenye hekima, lakini kwa familia hizi imegeuzwa kuwa fimbo. Mama huambiwa alimdekeza mtoto, au alimwacha na dada wa kazi, au alikula kitu fulani akiwa mjamzito. Wala msidhani lawama hiyo ni ya vijijini kwetu tu. Daktari Leo Kanner wa Baltimore, nchini Marekani, alipoandika mwaka 1943 juu ya watoto 11 wenye hali hii, ulifuata muda mrefu ambao wataalamu wenye vyeo vikubwa waliwaambia akina mama kwamba ubaridi wa mapenzi yao ndio uliowafanya watoto wajifungie ndani ya nafsi zao. Mwaka 1964 mwanasaikolojia Bernard Rimland, ambaye mwenyewe alikuwa na mtoto mwenye usonji, aliipinga hoja hiyo katika kitabu chake. Mwaka 1977 utafiti wa watoto pacha nchini Uingereza ulionesha kwamba urithi wa vinasaba una nafasi kubwa. Akina mama walikuwa wamebebeshwa mzigo usio wao.

Lawama nyingine iliangukia chanjo. Mwaka 1998 jarida moja la tiba la Uingereza lilichapisha makala iliyozungumzia watoto 12 tu na kuleta shaka juu ya chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Makala hiyo ilifutwa na jarida lenyewe mwaka 2010, na daktari aliyeiongoza akaondolewa katika orodha ya madaktari nchini humo. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark walitoa matokeo ya kufuatilia watoto zaidi ya 650,000. Waliochanjwa hawakuwa na usonji zaidi ya wasiochanjwa. Surua, kwa upande wake, huua. Msimnyime mtoto chanjo kwa hofu ya usonji.

Sasa nijibu swali ambalo huulizwa mara nyingi: "Mbona jirani yangu alitumia dawa ile na mtoto wake akaanza kusema?" Jirani huyo hasemi uongo. Hata hivyo, sikilizeni habari ya homoni iitwayo sekretini. Hutengenezwa na utumbo, na madaktari waliitumia katika kupima kongosho. Mwaka 1998 zilienea habari nchini Marekani kwamba watoto wachache wenye usonji waliodungwa homoni hiyo walianza kuzungumza na kutazama watu. Wazazi wengi waliitafuta kwa udi na uvumba. Mwaka uliofuata watafiti waliwagawa watoto wapatao 60 katika makundi mawili. Kundi moja lilidungwa sekretini, la pili likadungwa maji ya chumvi, na wazazi hawakuambiwa mtoto yupi amepata kipi. Baada ya wiki nne, makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu, na nafuu yao haikutofautiana. Maji ya chumvi yalifanya kazi sawasawa na dawa. Linaloshangaza zaidi ni kwamba hata baada ya kuelezwa matokeo hayo, zaidi ya nusu ya wazazi walisema bado wangependa kuitumia.

Tunajifunza nini? Kwanza, mtoto mwenye usonji hukua kama watoto wengine, ila kwa njia yake na kwa kasi yake. Mwezi huu hawezi, mwezi ujao anaweza. Chochote utakachompa katika kipindi hicho kitajitwalia sifa ambayo si yake. Pili, mzazi hununua dawa wakati hali imekuwa mbaya kupita kiasi, na hali mbaya mno kwa kawaida hupungua yenyewe. Tatu, mzazi aliyelipa fedha nyingi humtazama mtoto kwa jicho la matumaini, naye huona mambo madogo ambayo jana hakuyaona. Hiyo ndiyo sababu ushuhuda wa mtu mmoja, hata wa mtu mwaminifu, hautoshi kuwa hoja ya kukufanya ufungue pochi.

Ikiwa kitu kinachouzwa ni maji ya chumvi, hasara ni ya fedha. Vipo vinavyodhuru mwili. Nchini Marekani mamlaka ya chakula na dawa ilitoa onyo mwaka 2019 dhidi ya kinywaji kilichokuwa kikiuzwa kama tiba ya usonji, saratani na UKIMWI, kumbe kikichanganywa kama maelekezo yanavyosema hugeuka kuwa kemikali ya kupaushia, ile ya jamii ya klorini. Aliyekinywa alipatwa na kutapika, kuharisha na kuishiwa maji mwilini. Wauzaji waliwaambia wazazi kwamba kutapika huko ni dalili ya dawa kufanya kazi. Nchini humo humo, mwaka 2005, mtoto wa miaka 5 alikufa katika jimbo la Pennsylvania baada ya kutiwa mshipani dawa ya kuondoa madini mazito mwilini. Dawa za namna hiyo zina kazi halali kwa mtu aliyelishwa sumu ya risasi. Kwa usonji hazina kazi.

Bidhaa hizi hazijui mipaka. Husafiri kwa simu ya mkononi, na tangazo lililoandikwa mbali hufika chumbani kwako usiku ukiwa umekata tamaa. Nami naongeza jambo la hapa nyumbani: kumfunga mtoto kamba, kumfungia ndani, kumchapa ili "pepo limtoke", au kumnyima chakula, hayo si tiba, ni ukatili, hata kama yupo anayeyatoza ada. Sisemi neno juu ya imani ya mtu. Dua ni faraja, na wengi wetu tusingefika hapa bila hiyo. Lakini dua haina bei, na anayekuambia uache dawa ya kifafa ya mwanao ili maombi yake yafanye kazi, mkimbie.

Ndugu zangu, nini basi husaidia? Hakuna dawa inayoondoa usonji wenyewe. Zipo dawa ambazo daktari anaweza kuandika kwa matatizo yanayouandama, kama kifafa, kukosa usingizi, au mtoto kujidhuru. Nazo zina nafasi yake. Lakini msaada mkubwa ni mafundisho: kumfundisha mtoto namna ya kuwasiliana, na kumfundisha mzazi namna ya kumfundisha mtoto. Shirika la Afya Duniani limeandaa mafunzo ya walezi kwa ajili ya familia za watoto wa miaka 2 hadi 9. Yana vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, nayo yalibuniwa yaweze kuendeshwa na watu wasio madaktari bingwa. Msingi wake ni rahisi: anzeni pale mtoto alipo. Akipenda vizibo, kaeni naye kwenye vizibo. Mpe kimoja, ngoja atazame, sema "kizibo", ngoja tena. Dakika chache kila siku, mwaka mzima, hufanya kazi ambayo chupa haiwezi.

Tumieni maneno machache. Badala ya "Haya njoo basi ukae hapa ule chakula chako kabla hakijapoa," semeni "Kaa. Kula." Chora picha za ndoo, sabuni na taulo kwenye kipande cha boksi, zibandike ukutani kwa mpangilio, mwoneshe kwa kidole kila hatua ya kuoga. Mweleze mabadiliko kabla hayajafika. Akilemewa na kelele za daladala na kuanguka chini, jueni kwamba huo si utundu. Msogeze pembeni palipo kimya, punguza maneno, ngoja. Picha na ishara za mikono hazimzuii mtoto kusema, kama wengi wanavyohofia. Humpa njia ya kuomba anachotaka wakati maneno bado yako njiani. Na kwa yule ambaye maneno hayatafika, ndiyo sauti yake.

Hayo hayamaanishi kwamba huduma zote za kulipia ni utapeli. Wapo wataalamu wa tiba ya usemi na lugha, wa tiba kwa vitendo, na wanasaikolojia wanaofanya kazi njema kwa ada ya haki. Namna ya kuwatofautisha na wengine ni kuuliza. Nawapa maswali matano ya kumwuliza yeyote kabla hujalipa.

Swali la kwanza: wewe ni nani, umesomea nini, na umesajiliwa na nani? Daktari husajiliwa na baraza la taaluma yake. Mtoa tiba asili naye ana baraza lake, lililoundwa kwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002. Mtu mkweli hakasiriki akiombwa cheti.

Swali la pili: hiki unachonipa kina nini ndani yake, na kimesajiliwa? Dawa halali ina jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kwa Tanzania Bara, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ndiyo inayosajili dawa. Kwa Zanzibar ipo Wakala wa Chakula na Dawa. Ulizeni huko.

Swali la tatu: ni jambo gani hasa litakalobadilika, kwa muda gani, na tutalipimaje? "Atakuwa sawa" si jibu. "Baada ya miezi mitatu tunatarajia aweze kuomba maji kwa picha, na kama hawezi tutabadilisha mpango," hilo ni jibu.

Swali la nne: naweza kukaa ndani nikitazama, na utanifundisha nini cha kufanya nyumbani? Mlango unaofungwa kwa mzazi ni sababu tosha ya kuondoka.

Swali la tano: gharama yote kwa jumla ni kiasi gani, na nikiacha katikati itakuwaje? Dai maelezo kwa maandishi, na dai risiti kila unapolipa, hata kama ni kwa simu.

Zipo pia ishara za kukimbia bila kuuliza lolote. Dawa moja inayotibu magonjwa yote. Ahadi ya uhakika wa kupona. Siri ambayo "madaktari hawataki uijue". Haraka ya "lipa leo, kesho bei inapanda". Na agizo la kuacha dawa za hospitali. Ukikutana na moja tu kati ya hizo, funga mkoba.

Ikiwa umeshadanganywa, usinyamaze kwa aibu. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mtumiaji, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko. Dawa inayotiliwa shaka ipelekeni kwa mamlaka ya dawa, pamoja na chupa, tangazo na ujumbe wa simu, msivitupe. Mtoto aliyekwishainywa apelekwe kwanza kituo cha afya, na chupa iende pamoja naye.

Wala msinunue kile ambacho tayari ni haki yenu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inamtambulia mtoto mwenye ulemavu haki ya elimu, na shule za serikali za msingi hazitozi ada. Zipo shule zenye vitengo vya watoto wenye usonji. Kwa uchunguzi, anzeni kituo cha afya kilicho karibu, mwombe rufaa ya hospitali ya mkoa, na ikibidi ya hospitali ya kanda au ya taifa. Foleni ni ndefu na wataalamu ni wachache, hilo silifichi. Lakini wakati mnangoja foleni, mafundisho ya nyumbani yanaweza kuanza leo jioni.

Nimalizie kwa mama yule mshonaji. Chupa ya tatu hakuitumia. Tulimpeleka mtoto kupimwa masikio, yakawa mazima. Mama akajifunza kuchora. Alichora kikombe, ndizi, ndoo na mlango, akazibandika picha hizo ukutani kwa gundi ya unga. Wiki zilipita, mtoto akizipita kama hazipo. Mwezi wa tano, siku ya joto, mtoto aliibandua picha ya kikombe, akaileta kwa mama yake, akaiweka juu ya goti lake, akasimama akingoja.

Hakusema neno. Hadi leo maneno yake ni machache. Ila siku ile aliomba maji, na aliyemwomba ni mama yake.

Cherehani haikurudi, mama hushona kwa kukodi mashine ya jirani. Hiyo ndiyo gharama ambayo nimekuja kuwaomba msiilipe. Subira yavuta heri, wahenga walisema. Nami nawaomba subira hiyo iende pamoja na maswali matano, na risiti mkononi.